Sonara wa Chake na Dhahabu ya Kumasi

Mtu wa kwanza Pemba ambaye hakuniuliza kwetu wapi alikuwa sonara. Wengine wote waliuliza, kwa upole na kikombe cha chai: umetoka bara sehemu gani, umekuja kwa nani, kanisa lenu liko wapi? Yeye aliinua macho juu ya miwani, akakiona kitabu kikubwa nilichokikumbatia mvuani, akasema:

"Hicho kinaroa. Kilete ndani. Wewe utakauka mwenyewe."

Nilikuwa na wiki tatu tu Chake Chake, mwalimu mpya wa Historia katika skuli ya sekondari. Tangu siku hiyo nilimwita Mzee Sonara kama walivyomwita wote mtaani, na hapa pia nitamwita hivyo. Jina lake ni la watu wake. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo hayakuwa mazungumzo yetu hata mara moja kwa miaka kumi na moja.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba katikati ya maduka ya vitambaa. Alikaa chini, amejitandikia ngozi ya mbuzi mapajani ili vumbi la dhahabu lisipotee, na mbele yake palikuwa na fuawe ndogo, koleo na kikombe cha udongo cha kuyeyushia kilichokwisha kuwa cheusi kabisa. Siku ile ya mvua alifuta mikono, akakifungua kitabu changu kama anayefungua mzigo wa mtu mwengine, kwa tahadhari. Kilikuwa kitabu cha msaada kutoka maktaba ya skuli, picha tupu, sanaa za falme za Afrika. Alipita shaba za Benin, akapita vinyago, halafu akasimama. Picha ilikuwa ya mamba wa dhahabu, mdomoni kabana samaki.

"Huyu wa wapi?"

"Kumasi, Ghana. Ni wa Waasante, katika watu wanaoitwa Akan. Alifungwa kwenye ala ya upanga wa mfalme."

"Kasubiwa kwa nta," alisema.

Nilimuuliza amejuaje. Aliweka ukucha juu ya mgongo wa mamba bila ya kuigusa karatasi. "Magamba haya ni nyuzi za nta. Mtu kakaa akazisokota mojamoja, akazipanga. Kisha kamzungushia udongo, kautia moto, nta ikatoka, dhahabu ikaingia pahala pake. Hapa mkiani dhahabu ilikataa kufika. Kaongeza baadae. Kaongeza vizuri, lakini kaongeza."

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi na sikuwahi kuona mkia una nini. Akaniomba nimsomee maandishi ya chini, kwani Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Nikamtafsiria: "Pambo la upanga. Dhahabu. Fundi hajulikani."

"Hajulikani na nani?"

Nikarudi kwenye maandishi kuyasoma tena.

"Mkewe alikuwa hamjui? Mfalme aliyempimia dhahabu yake, alimpimia mtu asiyemjua?" Alitafuta kalamu ya risasi chini ya ngozi. Nilimwambia ni kitabu cha skuli, hakiandikwi. "Basi andika wewe, si ndie mwalimu?"

Niliandika, kwa herufi ndogo pembeni: *hajulikani kwa mwandishi wa kitabu hiki*. Kama skuli haijakitupa, maneno hayo bado yamo.

Hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye mtaani. Mwanamke akija na simu, akamuonesha picha ya seti ya Dubai na kusema nataka kama hii, Mzee Sonara humwambia: "Basi kainunue Dubai, nauli ntakuchangia." Wengi walikwenda kweli kwenye maduka ya vioo yaliyofunguliwa barabara ya juu, na hakumfuata mtu. Lakini mtoto akiletwa na kipuli kilichokatika alikitengeneza pale pale, bure, huku akimgombeza mama kwa nini kachelewa mpaka tundu la sikio limeanza kuziba. Neno lake lilikuwa "Nani kakwambia?" Ukimwambia bei ya dhahabu imeshuka, nani kakwambia? Ukimwambia kesho sikukuu, nani kakwambia? Niliwahi kumjulisha kwamba nimepandishwa daraja kazini, akaniuliza hivyo hivyo, kisha akaagiza kahawa ya watu wote waliokuwa barazani.

Dhahabu hakuivaa. Dini yake inamkataza mwanamume kuivaa, naye aliifuata bila ya kuitangaza. Kidoleni alikuwa na pete ya fedha isiyo na nakshi. Wala hakutengeneza umbo la kiumbe. Nilimshuhudia akimrudisha kijana aliyetaka pete yenye kichwa cha simba, kijana mwenye pesa zake mkononi. "Nakshi, maua, maandiko, ntakufanyia. Simba kamtafute kwengine." Na mtu huyo huyo, kila Alkhamisi baada ya Alasiri, alikuwa akinituma kitabu. Nilimletea, akakaa nacho mpaka Magharibi inaadhiniwa, anatazama mamba, ndege, tembo na kambare wa dhahabu wa watu wasiokuwa wa dini yake.

Nilianza kusoma zaidi ili nisiaibike mbele yake. Nikamsimulia juu ya nungunungu, kwamba Waasante walijiita kwa mnyama huyo kwa kuwa miba yake ikianguka huota mingine, ndivyo walivyotaka maadui wawafikirie askari wao. Nikamsimulia juu ya ndege aliyegeuza shingo nyuma kuchukua kilichosahauliwa. Juu ya wasemaji wa mfalme na fimbo zao zenye wanyama kileleni, mti uliochongwa ukafunikwa karatasi ya dhahabu, mjumbe akitokea tu na fimbo yake watu washajua kaja na neno gani. Haya yote aliyapokea kwa kutikisa kichwa. Kilichomchekesha ni habari kwamba mfalme siku za sherehe alivaa bangili nzito mpaka watu wakamshikilia mikono.

"Mie ningempunguzia," alisema. "Fundi wake alimuogopa."

Kilichomtoa machozi ya furaha, na hili nalisema kwa sababu niliyaona, ni nilipomsomea kwamba mafundi wa Akan wakati mwengine hawakutumia nta hata kidogo. Walichukua karanga halisi, au mdudu wa gome gumu, au gando la kaa, wakalizungushia udongo, wakalichoma likawa majivu ndani kwa ndani, wakamimina madini katika nafasi iliyobaki. Aliniomba nirudie kusoma. Nikarudia. "Hawa watu," alisema, "hawa watu walikuwa na jeuri." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Nilimuomba aje kuwaonesha wanafunzi wangu jinsi ya kusubu. Alikataa mara tatu. Mara ya nne alikuja bila ya kuitwa, kanzu imepigwa pasi, mkononi kikapu cha nta na udongo. Darasa lilikuwa la kidato cha pili, watoto hamsini na zaidi. Alisokota uzi wa nta mbele yao, mwembamba kama wa kushonea, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia darasa lile limenyamaza lenyewe.

Msichana mmoja wa Kisiwa Panza, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mjini ili asome, alinyoosha mkono. "Mzee, na sisi Pemba tungekuwa na upanga wa mfalme, tungetia mnyama gani?"

Darasa likalipuka. Papa! Kasa! Ng'ombe! Yule msichana akangoja watulie, akasema, "Popo. Popo wetu mkubwa hayupo kwengine duniani." Wakamcheka, lakini Mzee Sonara hakucheka. Alimuuliza popo huyo angemuweka vipi, mabawa wazi au kajifunika? Msichana akasema kajifunika, anatazama.

Kijana mmoja wa nyuma, mpole, aliyejulikana kwa kuhifadhi Kurani, alisimama. "Mzee, samahani. Kutengeneza masanamu ya viumbe si haramu?"

"Ndivyo nilivyosomeshwa, na ndivyo nnavyofanya. Mie sitengenezi."

"Sasa mbona unatuonesha?"

"Siku moja utakwenda Kumasi, mwanangu, utaoneshwa mamba huyu. Utamwambia nini mwenyewe? Takataka?"

Kijana alikataa kwa kichwa.

"Utamwambia, sisi kwetu hatufanyi hivi, lakini mkono wa fundi wako nimeuona. Basi. Dini yako iko pale pale, na yeye hukumvunjia heshima."

Siku mbili baadae msaidizi wa mwalimu mkuu aliniita ofisini. Wanafunzi walikuwa wanachora popo kwenye madaftari, wengine wakawavisha taji, na wazazi wawili walikuja kulalamika. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza nami kwa sauti ya chini. "Mwalimu, wewe unajua mwenyewe, si mtu wa hapa, na dini yenu nyengine. Watu watasema umekuja na lako. Hebu ruka hiyo mada, na kitabu kipeleke stoo."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kabla hajamaliza. Nilikuwa nimepanga nyumba, nimeshazoea, sikutaka maneno.

Nilipita dukani kumueleza Mzee Sonara kwamba kitabu hakitakuja tena. Alinisikiliza huku akipiga tupa bangili. Kisha aliikunja ngozi ya mbuzi, akanawa mikono na uso, akafunga mlango wa duka saa nne asubuhi, kitu ambacho mtaa mzima ulikiona. Tulikwenda kwa miguu mpaka skuli.

Mbele ya msaidizi hakukaa alipokaribishwa.

"Assalaam aleykum. Nimekuja kwa habari ya masanamu. Niliyekuja darasani ni mie, niliyewasemesha watoto ni mie. Kama kuna kosa, niandikieni mie."

"Mzee wangu, hapa hatuandikiani makosa. Tunaepusha fitina tu."

"Waasante wamo katika muhtasari wenu au hawamo?"

"Wamo."

"Basi atawasomesha vipi bila ya dhahabu yao? Weye utasomesha Pemba bila ya karafuu?"

Msaidizi alijikuna kidevu. Mzee Sonara akaendelea, na sauti yake haikupanda: "Mwalimu huyu hakuja na lake. Kaja na kitabu mlichokiweka wenyewe maktaba. Mkitaka kumwambia mtu asisomeshe kazi yake, mwambieni kwa kazi yake. Msimwambie kwa kwao."

Walizungumza kwa muda mrefu. Mwishowe wakakubaliana wanafunzi wasichore viumbe katika daftari la Historia, na mada ibaki, na kitabu kibaki. Tulipotoka nje nilimpa mkono. Nikaanza kumshukuru.

"Usinishukuru," alisema. "Weye ulikubali haraka mno."

Hajawahi mtu kuniambia neno zito kama lile kwa maneno machache kama yale. Tangu siku hiyo, nikiambiwa jambo kazini, huwa nameza mate kwanza.

Jibu la swali la yule msichana alilitoa miezi kadhaa baadae, kwa njia yake. Hakutengeneza popo. Alichukua karafuu mbichi, punje moja yenye kikonyo chake, akaizungushia udongo kama walivyofanya watu wa Akan kwa karanga, akaichoma. Tatu za mwanzo ziliharibika. Majivu yalikataa kutoka, dhahabu ikaishia njiani. Ya nne ilitoka. Aliniwekea kiganjani: karafuu ya dhahabu, kichwa chake kimefumba, na shingoni ina mkunjo mdogo pale ilipoanza kunyauka kabla hajaitia udongo. Mgeni mmoja mtalii alitaka kuinunua kwa bei yoyote, akaambiwa haiuzwi. Alimpelekea yule msichana skuli, akarudi nayo jioni. "Nilimuonesha tu," alisema. "Alisema kichwa kikubwa. Ana haki, nilichagua punje mbaya."

Nilifanya kosa mwaka uliofuata, au sijui kama lilikuwa kosa. Nilimsomea yaliyoipata dhahabu ile. Jeshi la Waingereza liliingia Kumasi mwaka 1874, likaitia moto, likabeba vitu vya mfalme. Vingine viliuzwa mnadani London, vingine vikaingia makumbusho. Na vingine viliyeyushwa.

"Viliyeyushwa," alirudia.

Hakuniuliza nani kakwambia. Alitazama kile kikombe cheusi cha udongo mbele yake kama ndio kwanza anakiona. Kwa wiki nyingi baada ya hapo alikataa kuyeyusha chochote cha zamani. Akaja mama mmoja wa Msuka na binti yake aliyeposwa, safari nzima kutoka kaskazini, na kikuku cha marehemu bibi yake binti. Walitaka kivunjwe kiwe bangili mbili nyembamba za harusi. Nilikuwepo.

"Sikivunji," alisema Mzee Sonara.

"Mzee, ni chetu. Bibi mwenyewe aliusia kwa huyu mtoto."

"Mwambie akivae kama kilivyo."

"Hakimuingii mguuni!" Mama alikuwa karibu ya kulia. "Tumekuja kwako kwa sababu mama yangu alikuja kwako. Sasa tuende wapi, kwa wale wa vioo?"

"Nendeni."

Walikwenda, lakini sio kwa wale wa vioo. Niliwaona wamekaa kwenye ngazi za duka la jirani, binti kakishika kikuku kwa mikono miwili, hawajui wafanye nini. Nilimwambia Mzee Sonara kwamba safari hii amekosea. Alinijibu kwamba nimesomeshwa na vitabu visivyojua majina ya watu. Tuligombana kweli, kwa sauti, mpaka mwenye duka la vitambaa akaja kutusuluhisha.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikasoma, kwa sababu hicho ndicho ninachokijua kufanya. Siku ya pili nilimpelekea nilichokipata: Waasante wenyewe waliyeyusha dhahabu ya mfalme. Mapambo ya zamani, sherehe ya viazi vikuu ikifika, yaliingizwa motoni, mafundi wakayasubu upya kwa mitindo mipya, mwaka baada ya mwaka.

Alinitaka nisome tena. Baadae akamtuma mwenye duka la vitambaa apige simu huku na huku mpaka akapatikana mtu anayeijua familia ile ya Msuka, na yule mama na binti wakarudi. Aliwaomba radhi mbele yangu, jambo lililompa taabu kuliko kazi yenyewe. Kikuku akakiyeyusha. Dhahabu ikapungua kidogo kwa bangili mbili za saizi ile, basi akafungua kijaluba chake, akaitoa ile karafuu na kuitumbukiza kikombeni.

Nilipiga ukelele.

"Una nini?" aliniuliza.

"Miezi mizima umehangaika nayo! Na jana tu ulikuwa unalia kwamba Waingereza waliyeyusha!"

"Mie nimeyeyusha changu. Wale waliyeyushiwa. Unaiona tofauti, mwalimu, au nikae nikusomeshe?"

Binti wa Msuka alicheka, kwa mara ya kwanza. Bangili zilitoka nzuri. Nilikwenda harusini kwao nikaziona mkononi, na sikumwambia mtu kwamba ndani yake mna karafuu.

Nilihamishiwa bara, na miaka minne ikapita. Tuliwasiliana kwa simu za Idi na Krismasi, yeye akinipigia Krismasi, mimi nikimpigia Idi. Niliporudi Pemba kwa ziara, duka lake lilikuwa linauza makava ya simu. Nilielekezwa Tibirinzi, nyumbani kwa binti yake, nikamkuta kakaa kitandani karibu ya dirisha, kanzu inamning'inia. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba jicho moja kabisa na la pili nusu. Mikono yake ilitetemeka ovyo. Binti yake, mwalimu wa nasari, alileta chai, akanong'ona kwamba baba siku hizi hazungumzi sana.

"Shikamoo, Mzee Sonara."

"Marahaba. Umenenepa."

"Nani kakwambia?"

Alitabasamu, lakini kwa shida. Tukakaa. Sikujua nimpe nini zaidi ya habari, basi nikamwambia ile niliyoisoma nikiwa bara na kumuwekea moyoni: baadhi ya dhahabu ya Kumasi imerejea Kumasi. Imetoka makumbusho ya London, imewekwa katika jumba la makumbusho la mfalme, na watu wamepanga foleni kwenda kuiona.

Alikaa wima. Binti yake alisogea kumshika, naye akamsukuma mkono.

"Imerejea?"

"Imeazimwa, Mzee. Waasante wameazimwa, kwa miaka michache. Kisha vitu virudi London."

"Wameazimwa vyao?"

"Sheria ya Uingereza hairuhusu makumbusho yale kuvitoa moja kwa moja."

"Na walipovichukua, walikwenda na sheria gani?"

Nilimfungulia picha kwenye simu, nikaisogeza karibu na lile jicho linaloona. Alitaka nimueleze kila kitu. Nani wamesimama mbele ya kioo? Wamevaa nini? Nikamwambia wengine wamevaa nguo za msiba. Wanacheka au wanalia? Nikamwambia hapa kuna mzee mmoja hafanyi lolote kati ya hayo, kasimama tu, mikono nyuma. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu sana, pumzi zake zikisikika chumba kizima.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Barua. Kwa masonara wa Kumasi."

"Siwajui, Mzee."

"Nao hawanijui. Andika."

Binti yake aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema mridhishe. Lakini sikuandika kwa kumridhisha. Nilifungua ukurasa mpya kwenye simu na nikaandika kadiri alivyosema, na alipochoka nilingoja. Alimaliza, akaegemea mto, akaniamrisha nimsomee.

Nikasoma: "Kwa masonara wa Kumasi. Assalaam aleykum. Mimi ni sonara wa Pemba, sasa mikono imechoka. Kazi ya wazee wenu nimeitazama miaka mingi na sijaona ya kuishinda. Nimesikia mmeazimwa vitu vyenu kwa muda. Vitieni mafuta, waoneshwe watoto, vivaliwe. Muda ukifika na wale wakaja kuvidai, tafadhali msirudishe."

Alinyanyua kidole, akakielekeza kwenye simu.

"Hilo la mwisho sikulisema mie."

"Lipi, Mzee? Msirudishe?"

"Hilo la tafadhali. Litoe."

Nikalitoa.